Mvuke wa Chumba cha Kijani

Nakwambia mapema ili tusije tukalaumiana: mimi siipendi mashine inayojifanya inajua kila kitu. Nimefanya kazi na moja miaka mitatu. Tuliiita Sikio, na asubuhi ile ya Alhamisi ilinitolea namba mbili za ukali wa ugonjwa kwenye kioo, zimenyooka, hazina wasiwasi hata kidogo. Nyekundu, sabini na moja. Kijani, hamsini na nane.

"Haya," nikasema peke yangu. "Ni Nyekundu."

Kilichobaki kilikuwa kidole gumba changu tu. Kabla ya saa tisa alasiri nilitakiwa nikiweke kwenye kioo, mimi Tumpe Mwandemele, mpimaji wa Kituo, ili Kikosi cha Kufuta kijue kinaelekea bonde gani.

Kituo chetu kiko milimani juu ya Tukuyu, kwenye baridi ya kukata masikio. Tulikuwa na nguruwe kumi na wawili, wote wamezaliwa humo humo, hawajui mafua ni nini. Jumatatu ya wiki iliyotangulia tukawagawa vyumba viwili. Sita wakapuliziwa puani kirusi kilichotoka bonde la Lusungo, sita wengine wakapuliziwa cha bonde la Mpulo. Nani kapata kipi, hatukuambiwa. Tulipewa rangi tu. Waliotunga utaratibu ule walikuwa na akili zao: mpimaji naye ana kwao, na mtu akishajua, macho huanza kuona kile moyo unachotaka.

Mimi kwetu ni Lusungo.

Simu ya mkononi ikalia. Mama. Mama yangu ni mtu wa salamu. Atakuuliza habari za ng'ombe usiye naye. Siku hiyo hakusalimia.

"Tumpe, ni sisi?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ni sisi?"

"Sijui, Mama. Na hata ningejua nisingekwambia."

"Umesoma miaka kumi na tisa," akasema, akatulia kidogo, "ili usijue?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Akaanza kunieleza habari za Bi Harusi, nguruwe wake jike, aliyemwita hivyo kwa sababu hapendi kulala penye uchafu. Bi Harusi ana watoto tisa. Bi Harusi hana kamasi, hana homa, anakula mpaka anagonga ndoo. "Mwambie huyo Sikio wenu... aje amsikilize mwenyewe," akasema. Alikuwa anaikata sentensi katikati, anavuta pumzi, ndipo anaendelea. Nikadhani ni hasira.

Nami nilimwelewa. Kikosi kilikuwa kimoja, na chanjo ya watu ilitosha bonde moja. Palipo na kirusi kikali zaidi ndipo Kikosi kitakapoingia: nguruwe wote wanauawa siku hiyo hiyo na kuchomwa, na watu wanachanjwa mmoja mmoja, kabla kirusi hakijajifunza njia ya kutoka pua ya nguruwe kwenda kifua cha mtu. Bonde la pili linasubiri mwezi mzima kwa maombi. Lakini kule mabondeni hakuna aliyekuwa amesikika anaumwa, wala hakuna aliyeililia chanjo. Walichokuwa wanakiona mbele yao ni moshi wa mifugo yao. Kila mtu alikuwa anamwomba Mungu achague wenzake.

"Nitakupigia baadaye, Mama."

"Piga ukiwa na neno zuri," akasema, akakata.

*

Saa saba huwa tunakwenda kula. Saa saba hiyo hiyo Sikio hulala nusu saa, likijisafisha masikio yake yanayoning'inia darini. Siku hiyo chakula hakikushuka. Nilikisukuma kando kisahani changu cha wali na maharage. Nikasema bora nikawaangalie wanyama wenyewe kabla sijaweka kidole. Nikaoga dawa, nikavaa vazi la plastiki na kofia ya hewa, nikasukuma mlango wa Kijani.

Sikuona kitu. Kofia yangu iliingia ukungu papo hapo. Nikaifuta kwa kiganja, ndipo nikaona turubai la bluu limefunika vizimba vyote sita, mvuke unatoka pembeni, na Bibi Subilaga, mlishaji wao, amechuchumaa kwenye kijia na kipande cha sanduku mkononi, anapepea ule mvuke uingie ndani. Sufuria la pumba lilikuwa wazi. Hapakuwa na pumba. Majani ya mkaratusi yalikuwa yanazunguka humo, na mchaichai, na malimau yaliyokatwa vipande.

"Bibi Subilaga! Nini hiki?"

"Shh! Utawashtua. Wanakaribia kumaliza."

"Wanamaliza nini?"

"Nyungu yao," akasema, kama mtu anayejibu swali la kijinga.

Bibi Subilaga alikuwa kazini humo kwa miaka kumi na moja, mjane wa miaka sitini na kitu, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Kanuni ya Kituo inasema chakula cha nguruwe kichemshwe hadi kitokote na kiingie chumbani kingali cha moto, ili kisiingize vijidudu vya nje. Kwa hiyo kila siku masufuria yanayofuka moshi yalipita mbele ya macho yetu sote kwenye toroli lake, na hakuna aliyewahi kufunua kifuniko.

"Tangu lini?"

"Jumamosi."

"Siku sita! Na wale wa Nyekundu, nao umewafukiza?"

"Wale wana nini cha kufukizwa? Vikohozi vya kawaida tu. Hawa ndio walikuwa wanakohoa mpaka wanapiga magoti. Huyu namba nne Ijumaa alikohoa mpaka akajikojolea." Akanyanyua ncha ya turubai, akamkuna namba nne nyuma ya sikio. "Wewe ulikuwa unasikiliza mashine, mwanangu. Mimi nilikuwa nasikiliza nguruwe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekataa."

Jamani! Ningesema nini? Kweli ningekataa.

"Na wamepona!" akasema kwa furaha. "Sikiliza mwenyewe. Kimya."

Kweli chumba kilikuwa kimya. Koo likilowa mvuke, kikohozi hulegea. Na Sikio lilikuwa linapima kikohozi na mkwaruzo wa koo, basi. Lilitengenezwa ili tusilazimike tena kuwapasua wanyama kujua wameumia kiasi gani. Unaning'iniza masikio darini, unakwenda kunywa chai. Watu wa mjini walilipigia makofi. Hata mimi nililipigia.

Nikatoa turubai lote, nikachuchumaa mbele ya namba nne, nikatazama mbavu zake. Nguruwe mzima akilala anapumua mara ishirini, ishirini na tano kwa dakika. Zamani hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu ya kwanza kila asubuhi: unakaa juu ya ndoo, saa mkononi, unahesabu mbavu zinavyopanda na kushuka. Kwenye daftari safu ile bado ipo. Mimi tangu Ijumaa nilikuwa naijaza neno "kawaida" bila kuhesabu, kwa sababu Sikio lipo.

Nikahesabu. Sitini na mbili.

Nikarudia, nikidhani nimekosea. Sitini na nne. Mnyama ametulia, hakohoi, macho yamefumba nusu, na tumbo linapiga haraka haraka chini ya ngozi. Nikatoka, nikaoga, nikaingia Nyekundu, nikahesabu mbavu huko. Thelathini na nane. Na hao walikuwa wanakohoa kwa sauti ya kusikika mpaka nje.

Mungu wangu, nikasema. Tumevigeuza: kirusi kikali tumekiita chepesi.

*

Kulikuwa na njia moja ya kujua kwa hakika, na ndiyo njia tuliyoahidi kuiacha. Nilichagua wawili kutoka kila chumba wa kupasuliwa. Bibi Subilaga alinisaidia kuwashika. Sikumlazimisha, alisema kama ni kufa, wafe wakiwa wanaona uso wanaoujua. Nilipomchoma namba nne sindano ya kulala moja kwa moja, alimshika kichwa akamwambia maneno ya Kinyakyusa ya kumbembelezea mtoto. Machozi yalikuwa yanamtiririka ndani ya kofia na hana pa kuyafutia.

Pafu zima lina rangi ya waridi na linabonyea. Ukilikata kipande ukakitupa kwenye ndoo ya maji, kinaelea. Mwalimu wetu alitufundisha kuchora mapafu kwenye karatasi, kisha kupaka penseli kila mahali palipogeuka kuwa pekundu sana na pagumu kama ini. Halafu unakadiria: nusu, robo, theluthi. Nilikuwa sijaishika penseli hiyo miaka mitatu.

Nyekundu wa kwanza: sehemu moja kati ya tano. Nyekundu wa pili: robo.

Kijani wa kwanza, zaidi ya nusu. Namba nne nilipaka mpaka ncha ya penseli ikakatika. Nilikata kipande cha pafu lake nikakitupa kwenye ndoo. Kikazama moja kwa moja, hata hakikusita.

Bibi Subilaga alikuwa amesimama nyuma yangu anaangalia ndoo.

"Nilimponya," akasema taratibu, "au nilimfichia?"

Jibu alilijua mwenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua; hilo tumelisikia tangu utotoni. Ila yeye hakuficha kwa ubaya. Alimwona mgonjwa anakohoa akafanya kile ambacho mama yake alimfanyia yeye, na mama yangu alinifanyia mimi chini ya blanketi zito, nikilia kwamba nachomeka. Mimi je? Mimi niliandika "kawaida".

*

Saa nane na nusu Mkurugenzi Mlowe alitokea kwenye kioo cha ukutani, tai imekaza shingo, nyuma yake dirisha la ghorofani.

"Tumpe, kidole. Kikosi kiko njia panda, injini zinaunguruma. Nyekundu, sivyo?"

"Sivyo, Mkurugenzi."

Nikamweleza. Nilieleza sufuria, turubai, mbavu, mapafu, ndoo. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akajifuta uso kwa kiganja.

"Unataka nikasimame mbele ya wakubwa niwaambie mashine ya taifa zima imedanganywa na mchaichai?"

"Imedanganywa na mchaichai na uvivu wangu. Andika vyote viwili."

"Nguruwe wanne si jaribio. Wewe ndiye ulikuwa unanifundisha hivyo."

"Najua. Tungekuwa na siku kumi ningerudia yote. Tuna siku kumi?"

Hatukuwa nazo. Kirusi kama kile hakisubiri mtu arudie hesabu zake.

"Mimi siwezi kubadilisha namba," akasema hatimaye. "Sheria inataka kidole cha mpimaji. Ukiweka kwenye Nyekundu, sawa, Sikio ndilo lililosema, hakuna wa kukulaumu. Ukiweka kwenye Kijani, umesema wewe. Una dakika kumi." Kioo kikawa cheusi.

Nikakaa kwenye stuli. Bibi Subilaga alikuwa mlangoni, anakunja lile turubai lake, analikunja na kulikunjua. Akaja karibu.

"Mwanangu, nikwambie kitu?"

"Nini?"

"Siku zile chupa za virusi zilipoletwa, dereva ni mtoto wangu wa ubatizo. Aliniambia ipi imetoka wapi. Najua Kijani ni wapi."

Nikainua kiganja kumzuia.

"Usiniambie!"

"Nimekusikia asubuhi ukiongea na mama yako. Ningekuwa mimi, ningetaka..."

"Nimesema usiniambie, Bibi!"

Nilimpigia kelele mtu wa rika la mama yangu. Hakukasirika. Alibaki ananiangalia, na nilijua neno langu moja tu lingetosha. Niambie. Ni neno dogo. Kama Kijani ni Mpulo, naweka kidole changu nikiwa na amani, na jioni nampigia Mama na neno zuri. Na kama Kijani ni Lusungo? Hapo ndipo pabaya. Hapo Sikio lilikuwa limeshanitengenezea mlango wa kutokea. Sabini na moja, hamsini na nane. Hakuna wa kunilaumu. Bi Harusi anaendelea kugonga ndoo, Mama anaendelea kunisimulia, na kule Mpulo watu nisiowajua wanachoma nguruwe wao wenye kirusi chepesi, huku kile kinachogeuza mapafu kuwa ini kinabaki Lusungo bila chanjo hata moja.

Nilitaka kujua. Nisikudanganye, nilitaka kujua kuliko nilivyowahi kutaka kitu maishani, na sababu ya kutaka niliijua vizuri kabisa. Iliniaibisha. Nilifumbua mdomo.

"Bibi," nikasema, "toka nje. Nakuomba. Toka kabla sijakuuliza."

Akanitazama, akatikisa kichwa polepole. "Ndaga, mwanangu," akasema. Kwetu neno hilo ni shukrani, ni pole pia, na sijui alikusudia ipi. Akatoka na turubai lake, akafunga mlango.

Niliandika haraka, bila kupamba. Kwamba chumba cha Kijani kilifukizwa siku sita. Kwamba mpimaji hakuhesabu mbavu siku saba. Kwamba namba ya Sikio haifai. Kwamba kwa mapafu manne na kwa macho yangu, Kijani ni kikali kuliko Nyekundu kwa zaidi ya mara mbili. Kisha nikaweka kidole kwenye Kijani na nikakikandamiza mpaka ukucha ukawa mweupe.

Kioo kikafikiri kidogo. Kikafungua rangi, kama utaratibu unavyotaka, na majina yakatokea chini yake.

Nyekundu: Bonde la Mpulo. Kijani: Bonde la Lusungo. Kikosi kimearifiwa.

*

Sijui nilikaa pale muda gani. Ninachokumbuka ni kwamba nilipopiga, Mama alipokea upesi, kana kwamba alikuwa ameshika simu tangu asubuhi.

"Ni sisi," akasema. Hakuuliza.

"Ni nyie, Mama."

Nilisikia jogoo wa jirani, na mahali fulani mtoto akicheka.

"Nani kaamua? Mashine?"

Ningeweza kusema ndiyo. "Mimi, Mama."

Akavuta pumzi. Nikasubiri laana, nikasubiri kilio, nilikuwa tayari kwa chochote. Yeye akasema, "Basi, kama ni wewe, umekuwa na sababu." Akatulia, akaendelea. "Ngoja nikamwage maji. Yatapoa bure. Nilikuwa nimeinamia sufuria."

"Sufuria ya nini?"

"Ya nini tena? Nyungu. Tangu Jumatatu kifua kilikuwa kimenibana... nikikohoa, Bi Harusi anashtuka bandani." Alicheka kidogo. "Nimejifukiza siku tatu mfululizo. Kimepoa kabisa, mwanangu. Sikohoi hata mara moja."

Nikasimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Mama, nisikilize. Kaa kitako. Usiseme neno. Weka simu karibu na mdomo, upumue tu."

"We Tumpe, una wazimu?"

"Nakuomba, Mama. Pumua tu."

Akakaa; nilisikia kigoda kikilalamika. Nikageuza mkono wangu, nikatazama saa. Mtu mzima aliyetulia anapumua mara kumi na mbili, kumi na tano kwa dakika. Akifika ishirini unaanza kukunja uso. Pumzi zake zilikuja fupi fupi, laini, bila kikohozi, bila mkwaruzo. Sikio lingempa namba nzuri sana. Nusu dakika ilipita, nikawa nimefika kumi na saba, nikaendelea kuhesabu kwa sababu sikutaka kuamini nusu. Kwa mkono wa kushoto nilikuwa naandika kwa Kikosi kwenye kioo: waanze kwa Mama, nyumba ya pili baada ya kanisa, waingie na mtungi wa hewa kwanza, nguruwe baadaye.

"Tumpe?" Sauti ilikuwa ndogo. "Mbona umenyamaza?"

"Nahesabu, Mama," nikasema. "Endelea kupumua."